Mfuko Wenye Doa la Wino

Baridi ya mwezi wa sita inakaribia na mimi niko katika matayarisho. Chumba changu cha mbele kina magunia matatu ya nguo, kila moja limefungwa kwa fundo langu mwenyewe, fundo ambalo mtu mwingine akilifungua hawezi kulirudisha lilivyokuwa. Nayakagua kila asubuhi kabla ya chai. Binti zangu wananicheka. Wacha wacheke; wao hawajawahi kuulizwa na familia nzima iliyovaa nyeusi kipande cha kola kimekwenda wapi.

Gunia la kwanza ni la bibi mwenye wajukuu mapacha, anataka blanketi mbili kutoka nguo zao za mwaka wa kwanza. Mapacha kwetu hawapunjwi: ukimpa mmoja kifungo chekundu, na mwenzake apate chekundu, la sivyo mmoja ataugua na utajua mwenyewe ni nani atakayelaumiwa. Nimezipanga nguo hizo sakafuni mara mbili, za huyu kushoto na za huyu kulia, na mara zote mbili upande wa kulia umepungukiwa soksi moja. Bibi anasema aliniletea zote. Labda. Gunia la pili ni la baba anayetaka fulana za mpira za ujana wake zigeuke blanketi. Huyo sina neno naye, isipokuwa anapiga simu mno. Gunia la tatu ndilo linaloniumiza kichwa. Ni nguo za marehemu mama mmoja aliyeimba kwaya miaka mingi. Wanawe walisema wameleta magauni matano. Nimehesabu sita. La sita ni la nani? Niliwauliza, wakaangaliana. Mkasi wangu hautaligusa mpaka nipate jibu.

Kazi yangu ndiyo hiyo, kushona blanketi za vipande. Nazikata nguo zilizokwisha kuvaliwa, naziunganisha ziwe uso, chini ya uso natandika blanketi kuukuu la kuleta joto, nyuma naweka kitambaa kizima, kisha napitisha uzi kwenye tabaka zote tatu mpaka zishikane. Wengi wanaokuja kwangu huja na nguo za wafu. Na hapa Lubumbashi nguo ya mtu si kitambaa tu. Imekunywa jasho lake. Ikiangukia mkono mbaya, mwenyewe au ndugu zake wanaweza kudhurika. Ndivyo tulivyolelewa, sisi Wakatoliki wa kubatizwa tunaofika misa kila Jumapili, na hakuna padri aliyewahi kututoa wasiwasi huo. Kwa hiyo anayeniletea shati la baba yake huniangalia vidole. Nami namwangalia macho. Tunaanza kazi tukiwa hatuaminiani, na kwa maoni yangu huo ni mwanzo mzuri.

Uangalifu wangu wote umetokana na makosa. Kosa la kwanza kubwa nililifanya kwa mama mmoja wa Karavia, aliyeniletea mashati meupe ya shule ya watoto wake waliokwenda kuishi Ulaya. Niliona weupe mtupu utachosha macho, nikatia kitenge chekundu katikati ya mashati. Muuzaji sokoni aliniapia kwamba kitenge hicho hakichuji. Mama alilifua blanketi mara moja tu, mashati yote yakawa na rangi ya waridi. Alinirudishia bila kelele, amelikunja vizuri, akasema neno moja la Kifaransa: vraiment, yaani kweli kabisa. Afadhali angenitukana. Tangu siku hiyo nafua kila kitambaa mara tatu kwa chumvi, pamoja na tambara jeupe la kunipa ushahidi, hata kama mwenye nguo ameapa kwa kichwa cha mama yake. Kiapo hakizuii rangi kuchuja.

Yako mengine. Nimewahi kusahau pini ndani ya blanketi, na mzee mmoja akaigundua kwa mgongo wake. Nimewahi pia kushona blanketi ambalo safu ya mwisho ilikuwa fupi kuliko ya kwanza kwa upana wa kidole, na kwa wiki mbili nilimshuku kila mtu aliyekuwa ameingia chumbani, hadi mlezi wa jumuiya yetu ya kanisa, nikidhani kuna aliyenichezea. Kumbe kila nilipokuwa nafuata kipimo changu cha kadibodi, mkasi ulikuwa unakinyoa kidogo kidogo. Nilikuwa nimewanunia watu kanisani bure.

Na vipande vinavyobaki vyote hurudi kwa mwenyewe ndani ya bahasha, au huchomwa mbele ya macho yake kwenye mbabula, jiko langu la makala, ndiyo makaa ya kupikia. Jirani mmoja aliwahi kuniomba masalio ya kujazia mto. Nikamuuliza mto wa nani, wa kulalia kichwa gani, na kwa nini hasa masalio yangu. Hajaniomba tena hata chumvi.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo halina tambara jeupe wala kadibodi ya kulirekebisha.

Ulikuwa mwezi wa kumi, wakati jua la hapa linapotuchoma kabla ya mvua kuanza. Mchana, mwanamke niliyemfahamu kutoka mtaa wa nyuma aliingia bila kubisha. Mume wake, karani wa reli, alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia, na mimi mwenyewe nilikaa kwenye kilio chake siku mbili. Alikuwa katika gauni jeusi, uso umelowa jasho.

"Yaya, funga mulango kwanza," akasema; kwetu yaya ni dada mkubwa.

Nikafunga. Akanipa mgongo, akaanza kufungua vifungo vya gauni. Nilidhani huzuni imempanda kichwani. Gauni lilipoanguka nikaona: ndani alikuwa amevaa mashati mawili ya kiume, moja juu ya jingine, yamemganda mwilini kwa jasho.

"Leo asubui banamaliza kugawa nguo zake. Balihesabu yote, ata soksi. Hizi mbili nilivaa mi."

"Na habakukuona?"

"Hapana. Mungu alinifunika."

Mtu asiye wa huku anaweza kushangaa kwamba mke alilazimika kuiba mashati ya mumewe. Kwetu, nguo za marehemu hugawanywa na ukoo wake, kwa ndugu na wapwa wake, na mjane hukaa pembeni akitazama. Akibaki na nguo aliyoivaa marehemu, wataanza kuulizana anaitaka ya nini, na kutoka hapo hadi neno bulozi, uchawi, ni hatua moja. Ukoo ule ulikuwa wa watu wa Kasai waliozaliwa hapa hapa mjini, mimi ni wa kaskazini ya Katanga. Babu zetu walishuka treni ile ile kuja kutafuta kazi, tunaoana, tunazikana, na bado tukialikana tunahesabiana vijiko. Nilijua kabisa kwamba mashati hayo yakigunduliwa, yeye ataitwa mchawi, na mimi mkono wake wa kulia.

Shati moja lilikuwa jeupe lenye mistari myembamba, kama maelfu yanayouzwa sokoni. La pili lilikuwa kaki ya kazi, nalo lilifanana na kaki ya kila mtu wa reli, isipokuwa mfuko wa kifuani. Mfuko huo ulikuwa na doa la wino wa buluu, na pembe yake moja ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa kijani. Mume alikuwa akiandika namba za mabehewa, na siku moja kalamu yake ilivujia mfukoni. Mke alimgombeza, mume akajibu, wakakaa wiki nzima bila kusemezana. Siku ya nane mke alichukua uzi alioupata, wa kijani, akamshonea pembe iliyokuwa imefumuka, na hivyo ndivyo walivyopatana. Alinihadithia akicheka, kisha kicheko kikageuka.

"Ukate vile unataka, yaya. Ila mufuko huu, uuweke pa katikati. Nikilala, nikiweka mukono, niusikie."

"Huo mfuko utatutaja," nikamwambia.

"Nitaenda kukaa Lukafu, ku mashamba ya kaka yangu. Kule nani atauona?"

Nikakubali. Nilimwambia aje baada ya majuma mawili, atoke kwa mlango wa nyuma, na mtaani tusalimiane kama watu wasiopendana sana.

Nilifanya kazi hiyo pazia likiwa limefungwa. Mashati niliyaanika ndani, juu ya viti. Mama anayeuza makala kwenye geti la lupango, ua wa nyumba yangu, aliniuliza, "Mama, pazia imefungwa mu joto hii, uko unashona nini?" Swali la kawaida kabisa kwa mtu mwingine. Mimi tangu siku hiyo nikawa nanunua makala kwa mtu wa mbali, najitwika gunia kichwani napita mbele yake, naye ananiangalia mdomo wazi. Jioni niliposikia watu wanacheka barabarani, nilizima cherehani nisikilize wanacheka nini.

Baada ya siku kumi uso wa blanketi ulikuwa tayari: miraba ya kaki na ya mistari, na mfuko katikati, doa lake limetulia. Nasema bila kujisifu kwamba lilikuwa zuri. Kilichobaki ni kupata blanketi kuukuu la ndani, maana lile nililokuwa nalo lilikuwa limeliwa na nondo.

Siku hiyo joto lilinishinda nikafungua mlango, nimeketi na kazi mapajani. Nikasikia, "Jambo, mama." Kuinua macho, namwona dada mkubwa wa marehemu. Kwenye kilio ndiye aliyekuwa akielekeza nani akae wapi na nani apewe nini. Mkononi ana furushi la kitenge.

Sikuwa na nafasi ya kwenda popote. Nikakunja blanketi haraka, nikaliweka kwenye kiti, nikalikalia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni huyu alinitia homa. Alikaa mbele yangu, furushi magotini. Mwanamke mzima wa Lubumbashi amekuja kwangu juani, nami sikuinuka hata kumpa maji, maana ningeinuka angeona nimekalia nini. Sijawahi kumfanyia mtu utovu wa adabu kama ule, hata mtu wa kodi.

"Banasema we ndo unashonaka blanketi ya nguo za batu balikufa," akaanza.

"Banasema mingi."

"Uko na kazi mingi?"

"Mingi. Mpaka mwaka kesho."

Macho yake yalizunguka chumba: cherehani, pasi, kadibodi zangu ukutani. Kisha yakashuka sakafuni na kutua kwenye kijiuzi cha kaki karibu na mguu wake. Nilimwona anavyokiona. Akainama, akakiokota, akakizungusha kwenye kidole polepole.

"Joto ya mwaka huu," akasema, "mutu anaweza kuvaa nguo mbili?"

Nikajua ndiyo hiyo, mtego umetegwa.

"Kila mutu na mwili yake," nikajibu.

Alilibonyeza furushi kwa viganja vyote viwili. "Niliwaza tusemezane kidogo, mama."

"Tutasemezana siku ingine. Leo kichwa inaniuma."

Akasimama. Mlangoni akageuka akasema, "Bon. Nitarudia kesho," akaenda zake na uzi wangu kidoleni.

Nilibaki nimekalia blanketi mpaka nyayo zake zikapotea. Kisha akili yangu ikaanza kukimbia. Kwa nini kesho? Kwa sababu kesho atakuja na kaka zake. Furushi lilikuwa na nini? Shati jingine la marehemu, la kulinganishia. Mama wa makala ndiye aliyesema. Nilijua tangu mwanzo. Watalikunjua blanketi langu, wataona kaki, kaki si ushahidi, halafu wataona mfuko. Dada gani asingeujua mfuko wa kaka yake?

Nikachukua wembe, nikaufumua. Kushona pande zake nne kulinichukua nusu saa, kuzifumua hata dakika tano hazikufika. Uani maharage yalikuwa yanachemka kwenye mbabula. Nikainua sufuria, nikauweka mfuko juu ya makala, nikarudisha sufuria. Kulitoka harufu ya nguo kidogo, kisha ikawa harufu ya maharage tu. Mahali pake nikashona mraba wa kaki kutoka mgongoni mwa shati, nikaupiga pasi ulingane na mingine. Sikulia wala sikusita. Nilijiona mtu mwenye akili sana.

Ningeweza kuufumua na kuuficha kwenye sidiria yangu. Mwanamke yule alikuwa amenionyesha njia kwa mwili wake mwenyewe. Wazo hilo halikunijia siku ile, limenijia baadaye, na huja tena kila ninapovaa.

Kesho yake alikuja, peke yake. Mimi nilikuwa nimeliweka blanketi mezani wazi, na maji ya kunywa yako tayari kwenye sinia, macho makavu. Alikunywa, akashukuru, akafungua furushi. Ndani mlikuwa na blanketi la kijivu, la zamani, pindo zake zimelika, lakini zito na safi.

"Hii ni ya mama yetu," akasema. "Kaka alilalaka ndani yake tangu utoto mpaka siku ya kuoa. Mama anasema uitie mu kati ya ile ya shemeji."

"Shemeji gani?" nikauliza. Hata hapo nilikuwa bado nalinda mlango wa nyumba iliyokwisha kuungua.

Alicheka. "Mama, tulimuona. Mashati mbili chini ya robe, mwezi wa kumi! Alikuwa anatoka jasho sawa mutu wa malaria. Kila mutu mu nyumba alimuona. Bakaka yangu balitaka kusema, mama akabakataza. Akasema, mumuache, anaiba juu ya kupenda. Na atazipeleka wapi kama haiko kwako? Kuko fundi mwingine huku? Jana ndo nilitaka kukuambia, lakini we ulinifukuza."

Nililishika lile la kijivu pindoni.

"Ila kitu moja," akaendelea. "Usimuambie kama tulimuona. Anafikiri alitushinda. Umuachie ile."

Nikamwahidi. Kisha akapapasa uso wa blanketi pale mezani, akasifu mistari ilivyonyooka, akaniombea baraka, akaondoka. Nilikaa na lile la kijivu mapajani. Niliona aibu ambayo sijui niieleze vipi. Ningempa maji siku ya kwanza, ningemwacha afungue furushi lake, mfuko ungekuwa pale pale. Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa natafuta mlangoni.

Blanketi la mama yule lilikuwa la ndani bora kuliko yote niliyowahi kutumia. Lilipokea sindano vizuri. Kwa siku tatu nilishona kwa mkono, subana kidoleni, na siku zote tatu nilikuwa natayarisha maneno jinsi ninavyotayarisha vitambaa: nikayafua, nikayanyoosha, nikayapanga. Nitamwambia nimeuchoma. Nitamwambia niliogopa. Atanitukana, na atakuwa na haki.

Mjane akaja. Nilimkunjulia blanketi kitandani kwangu. Alisimama kidogo kwanza. Kisha akalala juu yake na gauni lake jeusi, kwa ubavu, akafumba macho, na mkono wake ukatembea mpaka katikati. Ukapapasa. Ukaenda kushoto kidogo, ukarudi, ukashuka. Niliuona mkono ule ukitafuta mpaka akafumbua macho.

"Yaya, mufuko?"

Nikifungua kinywa kusema nimeuchoma, atauliza kwa nini. Nikisema niliogopa wifi yake, atauliza wifi alikuja kufanya nini, na ahadi niliyompa yule mwingine itavunjika, na ushindi mdogo wa mjane huyu, wa mashati mawili, utaisha. Huo ndio udhuru wangu, nimeutunza vizuri. Ukweli ni kwamba niliuogopa uso wake.

"Panya," nikasema.

"Panya?"

"Nilitoa mufuko niushone vizuri, nikauacha juu ya meza. Asubui nikakuta vumbi tu. Nisamehe, mudogo wangu. Ilipenda ile wino."

Alinitazama. Nilijiandaa. Mimi mwenyewe mtu akiniletea hadithi kama hiyo ningeomba kuoneshwa meza, vumbi, na tundu la panya. Yeye alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa, machozi yanamtoka, anajipiga paja.

"Ata panya! Ata panya ilipenda wino yake!" Kisha akanishika mikono yote miwili. "Usilie, yaya. Haina kosa yako. Unafikiri nitakasirika na we? Batu bote balinigeuka, ni we tu ulinifungulia mulango."

Ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nalia. Akalikunja blanketi, akajitwika, akatoka kwa mlango wa nyuma kama nilivyomfundisha. Alihamia Lukafu juma hilo hilo.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Uongo wangu ulifika Lukafu ukarudi. Mvua zilipokwisha, lori lililoleta mahindi lilisimama kwenye geti, na dereva akanikabidhi kikapu kilichofungwa kwa kamba za magome. Nilikataa kukipokea. Sikuagiza kitu, na kitu usichokiagiza kinachopumua hakiingii nyumbani kwangu. Dereva akaniambia mama mmoja wa kule amenitumia, kisha akasema ujumbe kama alivyotumwa: huyu ni paka wa huku mashambani, anatoka ukoo wa wakamataji, azilinde nguo za watu, wasije wakalia kama mimi.

Nyumbani kwangu hakujawahi kuwa na panya. Mtu wa tabia yangu, mnafikiri ataacha tundu? Niliziba kila ufa kwa saruji na vigae vya chupa mwaka ule nilipojenga. Paka alizunguka chumba mara mbili, akanusa kuta, akaniangalia. Ninajua ni mnyama. Lakini nilimpa mgongo.

Sasa ni mnene, anakula dagaa zangu, analala kizingitini. Wateja wakija wanamsifu, na wanasema kwa hakika mama huyu ni mwangalifu. Juzi simu ililia, alikuwa mjane. Alinisalimu kwa furaha, akaniambia blanketi lina joto kuliko yote aliyowahi kulalia, hajui kwa nini. Akasema amewaambia watu wa kule wanitumie kazi zao.

"Nilibaambia, yule mama, unaweza kumuachia kitu na ulale." Kisha akauliza, "Na paka, iko inakamata?"

Nilimtazama paka. Alikuwa amejinyoosha juani, tumbo wazi.

"Inakamata," nikamwambia. "Tangu ifike, sijapoteza ata kipande moja."